Kwa Daktari Milo Zelenka, Aliyeomba Apitishwe Barabara ya Changarawe

Mwaka umetimia, Milo, tangu tulipokurudisha kwenye udongo wa makaburi ya Wacheki, karibu na mama yako kama ulivyotaka. Mahindi yamekauka tena na kombaini zimeingia mashambani. Vumbi ulilokuwa ukiliita kikohozi cha Oktoba limerudi madirishani, na sasa hakuna wa kunikumbusha nifunge. Upweke huu nilidhani nimejiandaa kuukabili. Sikuwa nimejiandaa hata kidogo.

Watoto walitaka nitoe tangazo fupi gazetini, picha yako na mistari miwili ya Zaburi. Nikawaambia baba yenu hakuwa mtu wa mistari miwili; akisimama kusali kabla ya chakula, mchuzi ulikuwa unaganda. Isitoshe, siku ile tuliyokuzika kulitokea jambo ambalo wewe hukuliona, na mwaka mzima nimekuwa nikikusimulia peke yangu jikoni. Leo nataka na wengine wasikie.

Wewe ndiwe uliyewapokea duniani watu wengi wa kaunti hii. Ulikuwa na mikono mikubwa ya mkulima, na kucha ulizikata kila Jumapili baada ya misa, umekaa kwenye ngazi za nyuma, kwa sababu ulisema mtoto asianze maisha kwa kukwaruzwa. Kile kipimo cha kusikilizia moyo ulikipasha joto kwapani kabla ya kumgusa mgonjwa. Na kichwa cha mtoto kilipoanza kuonekana ulipiga mluzi, wimbo ule ule wa polka, ngoma ya Wacheki, ukikosea pale pale. Wanawake walilalamika kwamba uliwatia kicheko wakati hawana nafasi ya kucheka.

Asiye na kitu hukumdai. Mmoja alikuletea nusu nguruwe, mwingine magunia ya mahindi mabichi, mwingine akaja na wanawe kututengenezea uzio. Ulisema ndivyo mambo yanavyotakiwa kuwa, kwamba serikali ina fomu, jirani ana mikono. Neno hilo uliliamini kama Sala ya Bwana, nalo ndilo lililokupeleka Washington.

Yalianzia kwenye mkahawa wa Darlene, kwenye meza ya wazee, chini ya misumari wanakotundika vikombe vyao. Duane Sedlak, rafiki yako tangu mkiwa watoto wa shule, ndiye aliyekuchokoza.

"Dokta, umetuzalishia watoto, umetushona vidole vilivyonaswa kwenye mashine," alisema. "Sasa nenda kule ukawakate mikono wale wanaotula."

"Nikiondoka, nani atakushona ukijikata tena?"

"Nitajifunga kitambaa mpaka Ijumaa utakaporudi."

Basi ukagombea kiti cha Bunge la Marekani, na bango la kwanza lenye jina lako lilisimikwa kwenye shamba la Duane. Mimi, kama mji mzima ujuavyo, ni wa chama kile kingine, na nilikirithi kwa marehemu baba yangu pamoja na pua hii. Asubuhi ya uchaguzi ulinitazama juu ya kikombe chako cha kahawa.

"Arlys, utanipigia kura kweli?"

"Wewe nitakupigia. Wenzako wote nawakata."

"Inatosha. Usimwambie mtu tu."

"Darlene atajua kabla ya saa sita."

Na alijua. Ulishinda, na ukaendelea kushinda. Kule Washington ulilala kwenye kochi la ofisi, ukavaa koti lako moja la kahawia mpaka wenzako wakakucheka, na kila Ijumaa ulirudi ili Jumamosi ufungue zahanati yako kama kawaida. Walipotaka kuongeza matumizi ulisema hapana. Walipokubembeleza ulisema hapana kwa upole. Watu wa hapa walikupenda kwa sababu hiyo, hata wale waliopenda pia barabara mpya.

Halafu ukaja ule muswada. Ulikuwa mnene, umebeba matumizi ya kila namna, na katikati yake palikuwa na fungu dogo la hospitali za mashambani, yetu ikiwemo. Bila fungu hilo wodi ya wazazi ingefungwa. Ulinipigia simu mchana, nikiwa namenya matufaha.

"Kesho nitasema hapana, Arlys."

"Mle ndani mna wodi yetu, Milo. Wodi yako."

"Najua kilichomo. Niliwaahidi watu kwamba sitawakopea wajukuu wao madeni. Nikisema ndiyo kwa sababu safari hii wanaonufaika ni watu wa kwetu, mimi na wale niliokuja kuwapinga tuna tofauti gani?"

"Tofauti ni wanawake wenye mimba."



"Majirani watasaidiana," ulisema. "Tutachanga. Njia itapatikana."

Muswada ulianguka kwa kura chache. Mpaka leo sijui kama kura yako ingeuokoa. Watu wa vyama vyote wameniambia, kila mmoja na lake, na hilo sitaliamua juu ya kaburi lako. Tulichanga kweli. Tulifanya mnada wa pai na karamu ya nguruwe, watu wakatoa kwa moyo mweupe, lakini wodi haiendeshwi kwa pai. Ilifungwa kabla ya Sikukuu ya Shukrani ya Novemba, na vitanda vikapelekwa ghalani.

Hukujificha. Uliitisha mkutano kwenye ukumbi wa michezo wa shule, ukasimama chini ya goli la mpira wa kikapu, ukaacha kila mtu aseme lake. Kuna aliyesema Zelenka amefunga mlango alioingilia yeye mwenyewe. Kuna aliyekutetea, akazomewa. Duane alisimama wa mwisho.

"Mimi sina hotuba, Dokta. Binti yangu Kayleen atajifungua Januari. Theluji ikifunga njia, nimpeleke wapi?"

"Nitampeleka mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Nipigie simu tu, Duane. Saa yoyote."

Januari ilipofika Kayleen alishikwa na uchungu mapema, upepo ukifagia theluji barabarani, nawe ulikuwa Washington kwa kura nyingine ambayo leo hata jina lake silikumbuki. Duane alipiga simu hapa nyumbani. Nikamwambia hupo. Akakata simu. Mtoto alizaliwa ndani ya pikapu, pembeni mwa barabara kuu, wa kiume, na hakuvuta pumzi.

Ulikuja kwenye maziko yale madogo. Ulisimama nyuma kabisa, ukaondoka bila kumpa Duane mkono, nami nikakukaripia ndani ya gari.

"Rudi ukamwambie pole. Neno moja tu, Milo."

"Nikimwambia pole, itabidi anijibu. Ataniambia yamekwisha, Dokta, na hayajakwisha. Nimeyaona hayo maisha yangu yote, Arlys, mfiwa anageuka kumfariji aliyemkosea. Sitamtwika mzigo huo."

Nilikuambia huo ni ujinga wa mtu aliyesoma sana. Tuliendesha hadi nyumbani redio ikiwa imezimwa.

Hukugombea tena. Ulilitundika koti la kahawia nyuma ya kiti cha pikapu yako, ukaanza kazi ambayo hukuitangaza popote. Kila mwanamke aliyekaribia kujifungua alikuwa na namba yako ya simu, na saa yake ilipofika ulimpeleka hospitali ya mbali wewe mwenyewe, pikapu imejaa mablanketi na chupa za maji ya moto. Wengine hawakuwahi kufika, ukawazalisha pembeni mwa njia, wakasikia mluzi. Ni nani na ni nani, hukuniambia. Siri ya mgonjwa uliilinda hata kwangu, nami nilizoea kuona tu kiti chako mezani ni kitupu na chakula kimepoa.

Lakini vidole havikuinuka. Kwetu hupishani na gari barabarani bila kuinua kidole kutoka kwenye usukani, kidole kimoja tu, hata kwa mtu mnayegombania mpaka wa shamba. Duane aliacha kukuinulia. Mlipishana karibu kila asubuhi, yeye akitoka kwenye maghala ya nafaka, wewe ukienda posta. Uliinua kidole chako kila mara, naye alitazama mbele kana kwamba barabara ni tupu. Wengine wakamfuata. Nilikaa pembeni yako nikikiona kile kidole kikiinuka na kushuka, nikatamani kukuambia uache, nikashindwa. Meza ya Darlene uliiacha mwenyewe. Ulisema kahawa yake inakuunguza tumbo.

Tumbo lilikuwa linaungua kweli, na si kwa kahawa. Ulijipapasa ukajua, ukanyamaza mpaka suruali zikaanza kukuvuka. Sitasimulia miezi ile. Itoshe kusema ulikuwa mgonjwa mbaya kuliko wagonjwa wako wote, na kwamba Renata, binti yetu, alikulisha supu kwa kijiko huku ukimfundisha namna ya kulisha mgonjwa.

Ulipoona siku zimekaribia ulimwita Gaylen, mwenye nyumba ya maziko, ukamkalisha jikoni.

"Misa iwe ya familia tu, Gaylen. Na unipitishe barabara ya changarawe, nyuma ya maghala."

"Dokta, ile ina mashimo. Jeneza litarukaruka."

"Sitasikia kitu."

"Hapa kila marehemu hupita barabara kuu. Watu huegesha magari pembeni, wanasimama mpaka apite. Babu yako alipita hapo, baba yako alipita hapo."

"Ndiyo sababu. Wakisimama kwa kuwa ni desturi, nitakuwa nimewalazimisha. Wasiposimama, Arlys ataona. Wewe nipitishe nyuma."

Nilikuwa kwenye sinki, nimekupa mgongo, na nilisikia kila neno. Mpaka mwisho ulikuwa ukinikinga mimi dhidi ya mji wetu wenyewe. Nilikuahidi tutafuata ulivyosema, na ahadi kwa mtu anayekufa siivunji, hata iwe ya kipuuzi.

Basi tulifuata. Misa ilikuwa yetu wenyewe, sauti za wimbo zikapotea kwenye viti vitupu. Gaylen alilitoa gari la jeneza kwa lango la nyuma. Jeneza lilirukaruka, kama alivyosema, na vumbi lilikuwa zito kiasi kwamba Renata, aliyekuwa akiendesha pikapu yako, aliwasha taa mchana. Hatukupishana na gari hata moja. Makaburini tulikuwa sisi, padri na Gaylen, na upepo kwenye mahindi makavu. Mwanao Todd alirusha udongo wa kwanza. Nikatazama njia, hakuna mtu, na moyo wangu ukauchukia mji huu, Milo, mji nilikozaliwa na nitakakozikwa.

Wakati wa kurudi Renata alisema changarawe imetosha, akashika barabara kuu. Tulipopanda kile kilima kidogo ndipo tulipoyaona magari.

Yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili, kuanzia pale njia ya makaburi inapoungana mpaka kwenye mnara wa maji. Pikapu, malori ya mahindi, hata basi la shule. Mashambani kombaini zilikuwa zimezimwa, siku kavu kama ile, na kila mtu alijua mvua inakuja kesho yake. Watu walisimama kando ya magari yao, kofia mikononi, na baadhi yao ni wanaume ambao hata kanisani hukumbushwa kuvua. Wote walikuwa wanatazama upande wa mji, wakisubiri tutokee huko, nasi tukawatokea mgongoni.

Renata alisimamisha gari. Duane alitembea mpaka dirishani kwangu, akachungulia barabara nyuma yetu.

"Gaylen yuko wapi?" aliuliza. "Dokta yuko wapi?"

"Tumeshamzika, Duane."

"Mmempitisha wapi?"

"Kwenye changarawe. Alitaka mwenyewe. Aliogopa hamtasimama."

Aliigeuza kofia yake mikononi, akaigeuza tena.

"Tuko hapa tangu asubuhi," alisema.

"Ndiyo naona."

"Alidhani sijui nani alimpeleka Kayleen mara ya pili?"

Hilo hata mimi nilikuwa silijui. Nilitazama, nikamwona Kayleen amesimama kando ya lori la baba yake, na kitoto cha kike kiunoni, kinatafuna kolache, mkate mtamu wa Kicheki, jemu ya plamu imejaa kidevuni.

"Mbona basi hukumwinulia kidole?" nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Alikuinulia kila siku ya Mungu. Nilikuwa nimekaa pale pale pembeni yake, Duane."

"Kidole si neno, Arlys. Nilitaka neno. Nilikuwa nangoja aseme."

"Naye hakusema ili usilazimike kumjibu."



"Wapumbavu wawili," alisema.

"Wawili. Mmoja nimetoka kumzika."

Alilia kama wanaume wa kwetu wanavyolia, amegeuka kutazama mahindi. Nilishuka nikasimama karibu naye, tukatazama mahindi pamoja. Kisha nikarudi ndani na Renata akaanza kuendesha taratibu katikati yao. Walikuwa wamekuja kukuaga, nasi hatukuwa nawe tena. Tulikuwa na pikapu yako tu, na koti lako la kahawia nyuma ya kiti. Duane aliinua kidole. Kayleen akafuata, na aliyesimama baada yake, na wa upande wa pili, hivyo hivyo mpaka mnara wa maji. Renata alishindwa kuwajibu kwa machozi. Nikanyoosha mkono, nikashika usukani upande wangu, nikawainulia kidole kwa niaba yako, mmoja mmoja.

Chakula cha maziko kilichoandaliwa kanisani, ambacho nilidhani kitatupwa, hakikutosha. Walikwangua hata sufuria ya saladi ya viazi.

Ulikosea, Milo. Wanasema mganga hajigangi, na wewe uliyeweza kumgusa mtu tumbo ukajua kinachomsumbua, mji wako mwenyewe ulikushinda kuupima. Nimekukasirikia kwa hilo usiku na mchana, na nimelia kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote. Ungewaona. Ungeona tu, hata kupitia mbao za jeneza.

Sitakudanganya kwamba yote yametengenea. Wodi bado imefungwa. Duane bado anasema kura ile ilikuwa mbaya, na hunitazama nimuunge mkono, nami hunywa kahawa yangu. Lakini ile namba yako ya simu sasa inalia nyumbani kwake. Hajui kuzalisha wala kupiga mluzi, ila ana lori zito na anaijua theluji, na majira ya baridi yaliyopita hakuna mama aliyekwama njiani. Hata ile mizozo yenu ya kwa Darlene mngeweza kuiendeleza, maana kikombe chako kiko pale pale msumarini. Darlene anasema hakukiondoa hata siku moja. Wewe ndiye uliyeacha kuja.

Jumamosi hii baada ya misa tutatokea lango la mbele. Duane ataendesha pikapu yako, mimi nitakaa pembeni yake, na koti lako litakuwa katikati yetu. Gaylen anasema tangu azaliwe hajaona marehemu akipitishwa barabara kuu mwaka mzima baada ya kuzikwa. Nikamwambia marehemu mwenyewe ndiye aliyetuchelewesha. Kila mtu anakaribishwa, wa chama chako na wa changu, na asiyetaka kusimama asisimame; sitaangalia ni nani.

Hatutakusahau, Milo, mpaka na sisi tuletwe kulala kando yako.

Ni sisi: mkeo Arlys, mwanao Todd na mkewe Beth, binti yako Renata, wajukuu wako Wade na Josie, na dada yako Ludmila, ambaye bado anaichanganya siku yako ya kuzaliwa na yake.

Na Duane Sedlak, ambaye ameomba aandikwe pamoja na familia. Ameomba pia tuweke hapa maneno yake mawili, na anataka ujue kwamba hakuna mtu aliyemlazimisha kuyasema: "Yamekwisha, Dokta."